Bibi Kungu Ni Shangazi Yangu

Wiki jana tuliachana nikiwa nimesimama uani kwa shangazi yangu Kunigunda, kijijini kwetu juu ya Kitura, nimeukodolea macho ukuta wa nyumba yake. Kichanja chake cha kuanikia kahawa kilikuwa kimepinduliwa na kahawa yote iko topeni. Ukutani mtu alikuwa amechora kwa mkaa kikongwe mwenye jicho jeupe na kibuyu kiunoni.

Mchoro ule niliujua. Ulikuwa wangu, umeigwa.

Kwa wewe unayeingia leo, sitaki nikuache njia panda. Jina langu ni Wilfred. Ninaandika na kuchora vitabu vya katuni, na ukinikuta Mbinga mjini siku za kawaida utanikuta juu ya ngazi nikipaka rangi mabango ya saluni. Mwaka huu nilitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wangu mpya, Binti Ngolo. Ni msichana wa Kimatengo ambaye kila akichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, ardhi humwongezea nguvu, hadi anaweza kuzuia mlima usiporomoke kwa kiganja kimoja.

Shujaa bila adui ni sawa na jembe bila mpini. Adui wangu nilimwita Bibi Kungu. Anafungua kibuyu chake, wadudu wanatoka kama moshi, wanapanda milimani na kuwanyang'anya watoto pumzi.

Uso wa adui huyo ulinisumbua sana. Nilichora, nikafuta, nikachora, nikafuta. Mwishowe nikamchora mtu niliyemjua kuliko wote duniani: jicho lake lenye mtoto wa jicho, kanga yake iliyofungwa fundo bega la kushoto, kibuyu chake kiunoni. Shangazi aliolewa Liuli, mwambaoni. Mumewe alipofariki alirudi milimani kwa kaka zake akiwa na kibuyu kile, na ndani yake mlikuwa na mkate wa kungu. Kungu ni wadudu wadogo wanaofumuka juu ya Ziwa Nyasa mithili ya wingu. Watu wa kule huwanasa kwa masufuria yaliyopakwa mafuta, huwaponda na kuwakausha. Watu wa kwetu huku juu huwa wanakunja pua.

Mimi sikuwahi kukunja pua. Wazazi wangu walipokufa, shangazi ndiye aliyenichukua. Nimekua kwa kibuyu kile. Halafu nikakiweka kitabuni na kukijaza kifo. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi nilirusha teke langu kwa rangi nne.

Hata hapo pengine ningeokoka. Lakini nilialikwa kwenye redio moja ya pale mjini kukitangaza kitabu, na msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza kama Bibi Kungu ni wa kweli. Mtangazaji akanikonyeza. Na mimi, kwa sauti nzito niliyokuwa nimeifanyia mazoezi, nikasema: "Yupo. Anaishi huku huku milimani, na mimi mwenyewe nimekula chakula chake."

Jioni ile simu hazikukatika. Maduka yakaomba vitabu zaidi. Hafidha, mwenye duka la vifaa vya shule aliyekubali kukichapisha na kukisambaza, alinipigia akicheka hadi akapaliwa. Sikumtaja shangazi kwa jina, hilo nilijifariji nalo. Lakini milima yetu yote hii ina mabibi wangapi wenye jicho jeupe na kibuyu cha kungu?

Sasa turudi uani.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa. Shangazi alikuwa ameinama anaokota kahawa yake punje kwa punje kutoka kwenye matope. Siku mbili kabla alikuwa ameitisha ngokela, kazi ya kusaidiana kuchuma, na kama kawaida alikuwa amepika pombe ya kuwapongeza wachumaji. Hakutokea hata mtu mmoja. Pombe ilikuwa bado ndani, imechacha.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinuka. Nikachutama pembeni yake tukaokota pamoja. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza. Aliniambia tu kwamba mwaka huu kahawa imezaa vizuri, matawi yamelala, na kwamba nimekonda.

Kahawa ilipoisha alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kigoda.

"Wili," akasema, "nasikia umeandika kitabu."

"Ndiyo, shangazi."

"Na nasikia mimi nimo."

Nikasema watu wanapenda kusema.

"Basi nisomee. Jicho langu la pili nalo limeanza kuchoka, nikishika kitabu naona ukungu mtupu. Nisomee mwenyewe, nisikie kwa mdomo wako."

Ndugu yangu msomaji, kitabu nilikuwa nacho mfukoni. Ningeweza kusema nimekisahau mjini. Ningeweza pia kupiga magoti pale pale kwenye tope na kumwambia kila kitu. Nilichofanya ni kibaya kuliko hayo mawili. Nilikifungua, nikaanza kumsomea, na kila nilipofika penye Bibi Kungu nikabadilisha.

Kitabuni Bibi Kungu anasimama juu ya jabali na kusema, "Vuteni pumzi zenu za mwisho, watoto wa milimani." Mimi nikasoma, "Njooni mle, watoto wa milimani, msilale njaa." Kitabuni Binti Ngolo anamvunja kibuyu kwa jembe. Mimi nikasoma kwamba Binti Ngolo alimpokea kibuyu kwa mikono miwili, akamwambia, pumzika mama, nitakubebea. Nilisoma hadi mwisho hivyo hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, na sauti yangu haikutetemeka. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Shangazi alisikiliza kichwa akiwa amekiinamisha upande. Nilipomaliza aliinua kichwa.

"Huyu bibi ana moyo," akasema.

"Ana moyo, shangazi."

"Basi watu hawajui kusoma."

Nilikubali kwamba hawajui. Alinipa uji wa ulezi, nikanywa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulielewa wakati ule. Aliuliza, hiki kitabu kikifa, mimi nitabaki na nini.

Nikamjibu ukweli, nadhani ndio ukweli pekee niliousema siku ile. Nilimwambia sitabaki na kitu. Nitarudi juu ya ngazi kuchora vichwa vya watu walionyolewa hadi nizeeke. Nilimwambia Jumanne tunakizindua Mbamba Bay, watoto wa shule wataletwa, na kuna watu wa Songea wameahidi kuja kuona kama mfululizo mzima unaweza kuchapishwa. Nilimwambia hii ndiyo nafasi niliyoililia tangu nikiwa mtoto nachora kwa mkaa kwenye ukuta wake huu huu.

Alitazama ukuta, pale palipochorwa kikongwe.

"Ukuta huu umechorwa sana," akasema, na akaingia ndani.

Kesho yake baba mkubwa Romanus aliitisha sengu.

Baba mkubwa ndiye mkubwa wa ukoo wetu, kaka yake shangazi wa tumbo moja. Na sengu, kwa asiyejua, ni ukoo kukaa na kula pamoja, na baada ya kula, kusema yaliyomo moyoni. Zamani ilikuwa kila siku. Siku hizi ni mpaka pawe na jambo. Kila nyumba inaleta chungu chake, na kwenye ukoo wetu kila mkono lazima uingie katika kila chungu, hata kwa tonge moja. Baba mkubwa hutufundisha hivyo tangu tukiwa wadogo: ukikiruka chungu cha mwenzako, umemwambia mbele za watu kwamba unamwogopa.

Kabla watu hawajakaa, Noah ya Hafidha ikapanda kilima ikihema. Alikuwa amekuja kunichukua tushuke naye Mbamba Bay kwa ajili ya uzinduzi wa kesho, na nyuma ya gari maboksi ya Binti Ngolo yalijaa hadi dirishani. Hafidha ni mtu wa maneno mengi na mikono mingi. Wazee wake walitoka pwani zamani kufuata biashara, yeye kazaliwa Mbinga, na anajua kuuza hadi kivuli. Nilimwomba angoje barazani, akaletewa chai.

Ikatokea kwamba shangazi alipita mbele yake amebeba chungu. Hafidha, kwa adabu yake, akainuka akamwamkia. Shangazi akaitikia, akamuuliza habari za safari na za watoto, akaenda zake.

Hafidha akabaki amesimama. Nilimwona akitazama fundo la kanga begani kwa shangazi, kisha kibuyu. Akaniita kwa kidole.

"Wilfred, uliniambia umemtoa kichwani."

"Nimemtoa kichwani."

"Kichwani mwa nani?"

Akaniuliza mama yule ni nani kwangu, nikamwambia. Akaweka kikombe juu ya ukingo wa baraza taratibu sana. Alisema yeye anauza madaftari na kalamu, na katuni akipata, lakini hajawahi kuuza kitu juu ya mgongo wa mama wa mtu. Nilimsihi. Nilimwambia uzinduzi ukipita nitarekebisha mambo, kitabu cha pili nitamfanya Bibi Kungu atubu.

"Mimi sitakusemea kwa wazee wako," akasema. "Sema mwenyewe. Ukisema, tutaona cha kufanya na hayo maboksi. Nipo hapa nakusikiliza."

Kwa hiyo nisije nikamsingizia mtu. Hakuna aliyenisukuma. Mlango ulikuwa wazi na mwenye gari alikuwa ameushikilia.

Tukakaa. Vyungu vikaanza kuzunguka: maharage ya nyumba ya baba mkubwa, majani ya maboga, kuku wa nyumba ya Edmund. Edmund ni binamu yangu, tumekwenda shule pamoja, na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote kwenye ukoo. Mkewe Mektilda alikaa karibu yake, macho chini.

Cha mwisho kilikuwa chungu cha shangazi. Alikuwa amepika kungu kwa nyanya na karanga, vile anavyopika siku za heshima. Harufu ile ilinipiga nikawa mtoto tena.

Chungu kilimfikia Edmund. Akakisukuma mbele kwa kiwiko, asije akakigusa kwa kiganja. Mektilda akakipitisha. Wa pembeni yake akakipitisha. Kila mmoja alijifanya anatafuna, na chungu kikazidi kuja, kimejaa vile vile, hadi kikasimama mbele yangu.

Tonge lilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilihisi jicho la shangazi. Nilihisi pia macho ya Edmund, ambaye alikuwa ameacha kutafuna ili anione. Nikila, ataniuliza hapo hapo: kama chakula chake ni salama, ulisema nini redioni? Nisipokula, nani atakula?

Nikasema nimeshiba.

Sikuwa nimeonja kitu tangu asubuhi. Nikakisukuma chungu kwa aliyefuata, naye akapata ruhusa yake kwangu, akakisukuma. Kilizunguka sengu nzima kikarudi kwa mwenyewe bila kupungua. Baba mkubwa Romanus alikuwa wa mwisho kabla ya dada yake. Mkono wake ulikwenda, ukasimama hewani, ukarudi kwenye goti. Alikuwa akitungoja sisi vijana tuanze, na mimi niliyesomeshwa na ukoo mzima ndiye niliyemkatisha.

Tulipokwisha kunawa, Edmund akasimama na kitabu changu mkononi. Kilikuwa kimekunjwakunjwa kwa kusomwa, kitu ambacho siku nyingine kingenifurahisha.

Alieleza kwamba binti yake Jacqueline, wa darasa la tano, alikwenda kwa shangazi Jumamosi. Shangazi alimwita amsomee kitabu. Mtoto akamsomea chote, mwanzo hadi mwisho, akapewa kipande cha mkate wa kungu, akala. Usiku ule ule akashikwa na homa, anahema kwa shida. Zahanati walisema ni malaria, wakampa dawa, na leo ameamka anacheza. Lakini Edmund aliuliza, malaria ilijuaje kuja siku ile, baada ya chakula kile?

Wengine walikuwa wakisikiliza habari ya homa. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. Jumamosi.

Nilimsomea Jumapili.

Shangazi alikuwa ameshasomewa kila kitu. Alijua Bibi Kungu anasema nini juu ya jabali. Alijua kibuyu kinavunjwa na nini. Alikaa kwenye kigoda chake akanisikiliza nikimdanganya ukurasa baada ya ukurasa, kisha akasema huyu bibi ana moyo. Hakunikatisha hata mara moja. Alitaka kusikia kwa mdomo wangu, na alisikia.

Sikumbuki Edmund alimalizaje. Nakumbuka baba mkubwa akikohoa, akinitazama.

Alisema jambo hili lina njia mbili tu. Kama nilichoandika na kusema redioni ni uongo, basi nimemsingizia mkubwa wangu aliyenilea, na vitabu vyote vitashushwa garini na kuchomwa hapa hapa uwanjani. Kisha nitakwenda na wazee redioni nikaseme kwa mdomo ule ule kwamba nilisema uongo, na Bibi Kungu hatachorwa tena. Na kama ni kweli, hapa sauti yake ilipungua, basi dada yake hawezi kulala tena katika kijiji hiki. Atarudi mwambaoni kwa marehemu mumewe.

Kila mtu pale alijua kwamba kwa marehemu mumewe hakuna mtu. Hata nyumba ilishaanguka, yamebaki mawe ya jikoni. Na shangazi ana jicho moja, nalo limechoka.

"Wilfred," baba mkubwa akasema, "wewe ndiye mwenye kitabu. Ni kweli au ni uongo?"

Nilisimama. Maneno yalikuwa machache, na nilikuwa nayo mdomoni kabisa: nimemsingizia, nisameheni. Nilimwona Hafidha barazani ameinamisha kichwa anasubiri. Nyuma yake niliyaona maboksi dirishani kwenye gari, na kwenye boksi moja Binti Ngolo ameinua jembe lake, rangi zikiwaka. Miaka yangu yote ya usiku na kalamu ilikuwa ndani ya maboksi yale. Nikawaza moto. Nikawaza ngazi, na mabango, na watu wa mjini wakininyooshea vidole, yule pale mwongo wa redioni.

Nilisimama vile muda mrefu mno. Mtu mwenye ukweli hahitaji muda mrefu vile.

Ndipo shangazi Kunigunda akainuka.

"Msimsumbue mtoto," akasema. "Alichoandika ni kweli."

Baba mkubwa alishika mkono wa kiti chake.

"Kuni. Unajua unachokisema?"

"Najua, kaka. Bibi huyo ni mimi. Mwacheni mtoto aende na kitabu chake, gari linamngoja."

Hakusema kwa hasira wala kwa kulia. Alisema vile anavyosema mvua imekaribia, anueni nguo. Nami nikaelewa kwa nini aliniuliza kitabu kikifa nitabaki na nini. Jana alikuwa akipima. Alipima kitabu changu na nyumba yake, na akachagua kama alivyochagua siku zote tangu aliponiokota.

Mzee Romanus hakutaka kumwamini. Nilimwona akinitazama kwa namna ya kuniomba, mzee mzima, kaka anayetaka kuachiwa dada yake. Angechukua neno lolote kutoka kwangu, hata neno bovu.

"Wilfred," akasema tena. "Shangazi yako anasema kweli?"

Shangazi akanitazama kwa jicho lake zima. Akanitikisia kichwa kidogo, vile alivyonitikisia mlangoni asubuhi ya mtihani wa darasa la saba, kwamba nenda, usiogope.

Nikasema, "Ni kweli, baba mkubwa."

Basi nimeandika. Wiki zote hizi nimekuwa nikiwasimulia mikosi yangu, mara mtambo wa kuchapia umekwama, mara mvua imelowesha maboksi, na nyinyi mkanitumia pole. Huu haukuwa mkosi. Huu niliufanya kwa ulimi wangu, mchana, nimeshikwa mkono na mtu aliyenipenda.

Mektilda alifunika uso kwa kanga. Edmund, aliyekuwa akililia neno lile tangu asubuhi, alipolipata hakuonekana kulifurahia. Lakini neno la sengu likishatoka halirudi. Aliwaita vijana wawili, wakaanza njia ya kwenda nyumbani kwa shangazi kumtolea vitu nje.

Barazani Hafidha alisimama. Alishuka ngazi, akanipita nilipo, akasimama hatua chache mbele bila kugeuka vizuri.

"Hakuna uzinduzi, Wilfred," akasema. "Maboksi nitakushushia hapo njiani."

Nikasikia mlango wa nyuma wa Noah ukifunguliwa, na maboksi yakitua kwenye majani, moja baada ya jingine. Kisha injini ikawaka. Nikajua sasa nimekosa huku na huku. Nimemuuza shangazi, na mnunuzi ameondoka.

Nilitaka kupaza sauti, niseme ule ukweli sasa, ingawa umechelewa. Lakini nani angeuamini? Ningeonekana nimegeuka kwa sababu gari limeondoka, na labda ingekuwa ndivyo.

Shangazi aliinama, akachukua chungu chake. Watu walimpisha, kila mmoja akivuta nguo zake. Nilidhani anakwenda zake. Badala yake alikuja moja kwa moja hadi nilipokuwa nimekaa tena. Akakiweka chungu mapajani mwangu, akakifunua.

"Kula, mwanangu," akasema. "Redioni ulisema umekula chakula changu. Nisije nikaondoka nimekuacha mwongo."

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilisikika. Edmund na vijana wake walisimama njiani wakageuka. Baba mkubwa aliinuka kitini. Nikila, nimewaambia wote kwamba hakuna cha kuogopa katika chungu hiki, na kwamba neno langu la sasa hivi lilikuwa uongo. Nikikataa, shangazi anaondoka leo, na mimi ndiye niliyekiruka chungu chake mara mbili.

Kungu ilikuwa imeshapoa. Nilitazama chungu, nikatazama vidole vyangu vyenye madoa ya wino, na mkono haukutaka kunyanyuka.